Giza la Saa Nne Asubuhi

Nchi ninayotaka kuwasimulia haina jina, kwa sababu siku ya kuandika jina lake ilikuwa Giza na hakuna aliyeiona karatasi. Lakini ipo. Ina bendera, ina mgambo, ina foleni. Mimi ni Karani wa Kengele daraja la pili katika Ofisi ya Mwanga ya wilaya ya Kibumbwe, mwaka wa kumi na tatu sasa, na sijawahi kuona kitu ambacho sikuruhusiwa kukiona. Naomba mlizingatie hilo kabla hamjaanza kuninyooshea vidole.

Kwanza niwaeleze Kanuni za Mwanga zilitoka wapi, maana vijana wa siku hizi wanadhani zilishuka kutoka mbinguni. Zilitoka mezani. Mtukufu Rais na mawaziri wake walikuwa na mchezo wao wa Jumamosi, ule wa kukaa kuizunguka meza, kila mmoja na mhusika wake wa kubuni. Mmoja anasimulia safari, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu lenye pande ishirini linaamua nani kafaulu na nani kaumia. Msimulizi alikuwa Mtukufu, mlitaka awe nani? Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa mbilikimo mwenye shoka. Waziri wa Kilimo alikuwa mganga mwenye mkufu wa dhahabu.

Jumamosi moja wahusika wao wakaingia pangoni. Humo humo mbilikimo akampiga mganga shoka la kisogo, akavaa mkufu. Waziri wa Kilimo akaruka kwenye kiti.

"Nimeona! Na nyie wote mmeona!"

Mtukufu akauliza taratibu, "Nani alibeba mwenge?"

Wakatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake kabeba.

"Basi kulikuwa na giza," akasema Mtukufu, "na gizani hakuna aliyeona. Mchezo unaendelea."

Waziri wa Kilimo akaambiwa abaki kwenye kiti chake, asitie neno, mpaka mhusika wake atakapoangaziwa. Alikaa hivyo miezi mitano. Nasikia baraza la mawaziri halijawahi kuelewana kama miezi hiyo.

Kila meza ya mchezo huo ina kanuni zake za nyumbani, hilo wachezaji wote wanalijua. Kwetu ilitokea tu kwamba nyumba yenyewe ilikuwa Ikulu. Mwezi wa sita Kanuni zikachapishwa, na Mtukufu akatuhutubia.

"Ndugu wananchi! Kwa muda mrefu mno taifa hili limekuwa likitegemea jua. Jua hatulitengenezi sisi. Jua halina uzalendo, linamwangazia hata mpinzani! Kuanzia leo mwanga utatolewa na Serikali."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

*

Utaratibu wenyewe ni rahisi, hata mtoto anaushika. Kengele ikilia mara tatu ni Mwanga Kamili, ona unachotaka. Ikilia mara mbili ni Mwanga Hafifu: unaona kwamba kuna kitu, ila huoni ni kitu gani. Uchaguzi wetu wote hufanyika katika Mwanga Hafifu. Ikilia mara moja ni Giza. Saa ya ukutani haihusiki hapo. Nimewahi kupiga Giza saa saba mchana, lami inayeyuka, na mji mzima ukapapasa kuta kurudi nyumbani.

Tena ni marufuku kufumba macho. Wageni hukosea hapo. Ukifumba umekiri kwamba kuna kitu cha kuonwa. Unatakiwa ufumbue macho kabisa, umtazame mtu usoni, na usimwone. Watu wa Kibumbwe ni hodari kwa hilo, tumeshinda ngao ya taifa mara mbili.

Na kwa kuwa mezani wachezaji husogeza wahusika wao kwenye karatasi yenye miraba, miji yetu nayo ilichorwa miraba kwa chokaa, hatua tatu kwa hatua tatu, kila kiboksi na namba yake. Serikali inaweza kuwapa Mwanga nyote na kuacha kiboksi kimoja Giza. Ni kazi ya ufundi sana na ndiyo iliyonipandisha daraja.

*

Sasa nifike kwenye habari ya Fundi Chambuso.

Fundi Chambuso alitengeneza baiskeli kwenye kona ya soko, kiboksi namba kumi na saba. Mkewe, Bi Sikudhani, alishona nguo kwenye baraza la ng'ambo ya barabara, kwa hiyo watu hawa wawili walishinda wakirushiana maneno mchana kutwa juu ya vichwa vya wapita njia. "Chambuso, umekula?" "Nitakulaje na wewe umekalia ufunguo wa kabati?" Ndivyo walivyopendana. Sina hakika kama walijua kwamba mji mzima ulikuwa unawasikiliza.

Jumatatu ile, saa nne asubuhi, Mheshimiwa Ngwale, Afisa Mwanga wa Wilaya, aliniagiza nipige Giza. Nikapiga. Lori likaingia, likarudi kinyumenyume hadi shuleni, na wanaume wa soko wakaenda kupakia kama kawaida. Gizani mtu akiitwa kubeba anabeba, hajui anabeba nini wala kinakwenda wapi. Walikuwa wanapakia mabati ya shule. Sikuyaona. Nawaambia tu kwamba tangu siku hiyo mvua inanyesha juu ya darasa la tano.

Wakati lori linapita sokoni, Fundi Chambuso akanyanyua kichwa kutoka kwenye gurudumu alilokuwa analiziba pancha, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hee! Hayo si mabati ya shule?"

Mimi nilikuwa dirishani, kamba ya kengele mkononi, hatua kumi na moja kutoka pale. Sikuona kitu. Sikumwona Koplo Bahebe akiruka kutoka kwenye lori. Sikumwona akigeuza bunduki na kushika mtutu. Sikumwona akimpiga Fundi kwa kitako, mara ya kwanza begani, mara ya pili na ya tatu kichwani, wala sikuona kwamba ile ya tatu haikuwa na haja. Sikumwona Bi Sikudhani akisimama na mkasi mkononi. Niliendelea kutoona mpaka lori likaondoka.

Mheshimiwa Ngwale akanijia, akinifuta vumbi begani kwa upendo. "Karani, piga Mwanga mji mzima, isipokuwa kiboksi namba kumi na saba. Hicho kibaki Giza hadi itakapoamuliwa vinginevyo."

Nikapiga. Nilipiga vizuri sana.

*

Sasa tatizo la Bi Sikudhani lilikuwa hili, na halikuwa lingine: mumewe amelala barabarani na yeye anataka kumzika. Na huwezi kuzika usichokiona. Kibali cha kuzika kinataka jina la marehemu, marehemu hawezi kuwa marehemu mpaka aangaziwe, na kiboksi kimefungwa.

Watu wakapita. Akina mama wenye vikapu walikizunguka kiboksi kwa pembe nne kamili kama wanajeshi kwenye gwaride, wakitazama palepale, bila kuona. Niliwaonea fahari, kisha nikaenda nyuma ya ofisi nikatapika. Nzi ndio walioniudhi. Nzi hawajasoma Kanuni.

Jumanne alikuja ofisini.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Tukusaidie nini?"

"Naomba mwanga."

"Wa wapi?"

"Kiboksi namba kumi na saba."

Mheshimiwa Ngwale akaweka kalamu chini. "Kwani kiboksi hicho kina nini?"

"Mume wangu."

"Umemwona?"

Wengi hunaswa hapo. Ukisema umeona gizani ni miaka saba jela. Bi Sikudhani akainama, akatazama vidole vyake vilivyojaa alama za sindano.

"Sijamwona, Mheshimiwa. Nimemnusa."

Loo! Mheshimiwa Ngwale akakifungua kitabu cha Kanuni mbele, akakifungua nyuma, akakitikisa. Pua haikutajwa popote. Jasho jembamba likamtoka. Akatoa dadu la wananchi, lile la mti lililochongwa na wafungwa, akalisukuma mbele.

"Tupa. Ukipata kumi na tano, unapewa mwanga."

Akatupa huku machozi yanamtoka. Kumi na nane. Nilisikia moyo wangu ukipiga, nikauambia utulie, tupo kazini.

"Kumi na nane," akasema Mheshimiwa Ngwale. "Toa mbili, kwa sababu nje kuna jua kali na jua linaharibu giza. Toa tatu, kwa sababu mwombaji amelia, na jicho lenye maji halioni sawasawa. Kumi na tatu. Pole sana, mama. Rudi kesho."

Jumatano ulikuwa umeshafika waraka kutoka Wizarani: kuanzia tarehe hiyo pua zote za raia zihesabiwe kuwa macho. Bi Sikudhani hakuitaja pua. Alisema, "Naomba mwanga wa dakika kumi tu. Sitaomba kujua ni nani. Nataka kumfunika."

Na safari hii hakulia. Alikuja na macho makavu makusudi, nadhani alilia kwanza nyumbani akayamaliza. Akatupa dadu, likazunguka, likazunguka, likakaa. Ishirini.

Ishirini safi haipunguzwi na kitu. Hiyo ni kanuni hata kule mezani. Mheshimiwa Ngwale akaliokota dadu, akaligeuzageuza.

"Katika wilaya hii haijawahi kutokea ishirini," akasema. "Kwa hiyo dadu ni bovu. Linapelekwa kwenye matengenezo."

"Litarudi lini?"

"Litakaporudi utaliona, mama. Ikiwa kuna mwanga."

Akacheka peke yake. Bi Sikudhani akajifunga khanga vizuri, akatoka.

*

Mnijue na mimi kidogo. Sina moyo wa jiwe. Fundi Chambuso aliwahi kunirekebishia breki bure, akaniambia, "Karani, wewe hata ukigonga mtu utasema hukumwona, afadhali breki zishike." Tulicheka sana. Siku zile sikusikia harufu yoyote dirishani kwangu, maana waraka ulikataza, lakini chakula kilikuwa hakipiti.

Alhamisi nikachukua suruali yangu moja, nikaenda barazani kwa Bi Sikudhani kama mtu anayetaka kukunjiwa upindo. Akapima, akaanza kukanyaga cherehani. Nikamwinamia.

"Mama, kesho saa nne napiga Giza. Mji mzima, saa nzima. Lori linarudi kuchukua milango ya shule."

"Sasa?"

"Sasa aliye gizani haonwi. Kanuni ya nne. Haonwi na jirani, haonwi na Koplo, haonwi na Mheshimiwa mwenyewe. Si wewe, si watakaokusaidia, si mtakachobeba."

Cherehani ikasimama.

"Una hakika, Karani?"

"Miaka kumi na tatu nimepiga ile kengele."

"Sijakuuliza umri wa kengele. Nimekuuliza una hakika?"

"Nina hakika," nikasema. Na nilikuwa nayo, Mungu shahidi yangu. Nilikisoma kitabu chote. Nilijivuna hata, nikirudi ofisini, kwamba kumbe Kanuni zinaweza kumfaa mtu akizijua vizuri.

*

Ijumaa saa nne kamili nikavuta kamba mara moja.

Lo, sijawahi kutoona mambo mengi kiasi kile. Sikuwaona wanaume wakiacha meza zao za nyanya na kuja kiboksi namba kumi na saba. Sikuwaona wanne wakivuta pumzi, wakiinama, wakimwinua Fundi kwenye mkeka. Sikuiona sanda, nyeupe, iliyoshonwa kwa mishono midogo midogo ambayo mtu hushonea nguo ya harusi. Watu walikuwa kama sitini. Walikwenda bila kuimba, bila kulia, nyayo tu kwenye vumbi, wakaipita ofisi yetu hatua mbili kutoka mlangoni, na Koplo Bahebe aliyesimama pale akawatazama usoni mmoja mmoja na hakumwona hata mmoja. Alikuwa mshindi wa ngao, yule.

Kaburi lilikuwa tayari nyuma ya shule. Kutoka dirishani kwangu panaonekana vizuri, panapokuwa na mwanga.

Lori likaja, likarudi kinyumenyume hadi shuleni, likasimama. Dereva akapiga honi. Akapiga tena. Mheshimiwa Ngwale akatoka nje na miwani yake.

"Wapakiaji wako wapi?"

"Ni Giza, Mheshimiwa," akasema Koplo. "Siwezi kujua."

"Hujui kivipi? Si wako hapo nyuma ya... " Akajikamata. Hata yeye Kanuni zilimfunga mdomo. Akabaki anazunguka kwenye ngazi kama kuku anayetafuta pa kutagia, huku kundi zima la watu likiwa mbele ya macho yake na hana haki ya kuliona. Nawaambia kweli, nilifurahi. Kwa dakika tano hivi, mimi Karani wa Kengele daraja la pili nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani.

Kisha akatazama juu, dirishani.

"Karani! Piga Mwanga!"

"Mheshimiwa, zimebaki dakika ishirini na tano."

"Piga Mwanga Kamili!"

"Mheshimiwa, tangazo lilisema saa nzima, na Kanuni ya sita..."

"Kesho utakuwa unauza karanga wewe, au utakuwa kiboksini. Chagua."

Ningeweza kuikata kamba. Ningeweza kuzirai, watu huzirai, ni jambo la kawaida. Ningeweza kuvuta taratibu ili angalau wamalize kumteremsha. Haya yote niliyafikiria baadaye, nikiwa nimelala kitandani kwangu salama. Pale pale mikono yangu ilishavuta mara tatu.

Mwanga ukawa Kamili, na kitu cha kwanza nilichoruhusiwa kukiona kilikuwa Bi Sikudhani ndani ya kaburi hadi kiunoni, amepokea kichwa cha mumewe kwa mikono miwili.

*

Kesi ilisikilizwa siku hiyo hiyo mchana, ofisini kwetu, madirisha wazi. Mheshimiwa Ngwale alisoma Kanuni ya kumi na moja, ambayo mimi sikuwa nimeisoma kwa sababu wino wake ulikuwa bado haujakauka. Inasema kwamba mwanga ukiwaka na maiti akaonekana, aliyemshika ndiye aliyemuua. Wale sitini wasingeenea mahabusu, kwa hiyo walikubaliwa kuwa walikuwa wanapita. Wakapelekwa kupakia milango. Fundi Chambuso alichukuliwa kama kidhibiti, akafungiwa stoo pamoja na dadu bovu.

"Mshitakiwa ana shahidi?" akauliza Mheshimiwa Ngwale.

Bi Sikudhani alikuwa na udongo mpaka kwenye nywele. Akanyoosha mkono kuelekea kwangu.

"Yule pale. Alikuwa dirishani Jumatatu, kamba mkononi. Yeye ndiye anayewasha na kuzima, anajua kuliko sisi sote. Muulizeni nani alimuua mume wangu. Akisema ni mimi, nifungeni."

Wote wakageuka. Koplo Bahebe naye akageuka, akanitazama kwa upole kabisa.

Nikasimama. Niliona aibu, nakiri, aibu ya kutaka ardhi inimeze, na nilikuwa nimevaa ile suruali ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameikunja upindo na kukataa malipo. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima. Ningeweza kuhesabu vifungo vya gauni lake.

"Siku hiyo ilikuwa Giza, Mheshimiwa," nikasema. "Sikuona mtu."

Alihukumiwa kifungo cha maisha. Hakupiga kelele, hakumlaani mtu. Walipokuwa wanamtoa alisimama mlangoni mbele yangu, karibu kiasi kwamba niliisikia harufu ya udongo, akanitazama machoni muda mrefu. Mwanga ulikuwa Kamili, na hapakuwa na kanuni hata moja ya kumzuia asinione.